Mwanangu, umezima swichi gani?

Leo siandiki kuhusu stima kupotea wala bei ya tokeni, hayo tushayazoea. Naandika na hasira ya siku tatu ambayo haijashuka, na kama wewe ni fundi umeme hapa Malindi, ama una nyumba yenye swichi mbili za hita nje ya bafu, soma tu hata kama mwishoni utanitukana.

Jumanne tumeitwa Casuarina, nyumba ya mgeni mmoja, maji hayashiki moto. Nimeenda na mpwa wangu, kijana wa miaka 19, mkono wake mwepesi kuliko wangu nilipokuwa umri wake. Tangi ni la shaba, lita 120, limekuja kwenye kontena kutoka Uingereza pamoja na makabati na choo, ati vyoo vyetu havimkalishi. Juu lina kofia moja tu na chini ya kofia kuna elementi mbili, zile koili za kuchemsha maji, moja ndefu inafika chini kabisa, moja fupi inaishia juu. Ukutani swichi mbili, moja imeandikwa USIKU, nyingine MCHANA, kwa maka. Kijana akazima ya USIKU, akaenda kwenye bodi kubwa akashusha breka ya hita, akarudi akapima, kimya. "Mjomba, nimezima." Akafungua kofia, akatia spana.

Kilichoanguka kwanza ni spana, halafu yeye.

Mzima, alhamdulillahi. Mkono ulikufa ganzi mpaka adhana ya alasiri na jioni alikuwa ashaanza kuwahadithia wenzake kibarazani kwa mbwembwe. Mimi sijacheka mpaka leo, maana mamake ni dada yangu na ningeenda kumwambia nini.

Stima ilitoka wapi? Juu ya paa kuna sola, inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa nyumbani, imewekwa stoo nyuma ya jiko na ina bodi yake ndogo huko huko, na ile swichi ya MCHANA imevutwa kutoka huko. Kwa hiyo wewe unazima bodi kubwa, unapima waya za upande mmoja, unajiona salama, na nusu ya pili ya kofia hiyo hiyo iko hai inakusubiri. Hakuna kibandiko wala neno lolote juu ya kofia. Mzee anayelinda nyumba alivyotuona tumekaa chini akasema, "Kwani hamkuambiwa kama ziko mbili?" La, mzee wangu, hatukuambiwa.

Nikaomba mchoro. Kumbe mwenye nyumba alituma picha ya kwao, akamwambia fundi aliyepita fanya hivi hivi. Na huo mchoro naujua, maana shemeji yangu yuko Leicester, huko huko Uingereza, na baridi moja alinipigia analia bili. Kule tangu 1978 wana bei ya umeme inaitwa Economy 7, masaa saba ya usiku umeme unashuka bei, mchana unapanda. Basi elementi ya chini inawashwa usiku, inachemsha tangi zima kwa bei ya chini, asubuhi mnaoga. Ile ya juu ni ya dharura, wageni wakija mchana na maji yameisha unaiwasha inapasha sehemu ya juu tu, kwa sababu maji ya moto hukaa juu, basi hulipi tangi zima kwa bei ghali. Shemeji alikuwa haijui ya chini kabisa, msimu mzima anabonyeza ya juu, kila akitaka kuoga anabonyeza, hata vyombo anabonyeza. Nikamwambia shemeji, wewe umekuwa ukinunua maji ya moto kwa rejareja na duka la jumla liko hapo hapo.

Nakubali, kwa shingo upande, Waingereza hapo walipiga akili. Na nyumba zao za zamani huwa kweli na bodi mbili, moja iko hai siku nzima, nyingine inapata umeme usiku tu, kwa hiyo swichi mbili zina sababu. Lakini hata kule fundi mwenye adabu anajua mambo mawili: kila swichi inakata laivu, waya unaoleta umeme, na nyutro, waya unaourudisha, zote mbili, na kila laini inatembea na nyutro yake mwenyewe. Huwezi kuunganisha laivu ya mchana na ya usiku kwenye tangi ati ili liwe linapata kokote, maana ukifanya hivyo umeme wa mchana unarudi kinyumenyume unaiamsha bodi ya usiku nzima, na zile hita zao za ukutani za kupasha vyumba zinaanza kula kwa bei ya mchana.

Sasa tuje kwetu. Mita ya tokeni ya nyumba ile haijui usiku wala mchana, uniti ni uniti. Hiyo bei ya saa za usiku iliyoletwa hapa Kenya mwisho wa 2017 ilikuwa ya viwanda na biashara kubwa, si ya mtu anayechemsha maji ya kuogea Casuarina. Ukutani wameweka taima ya kisasa kabisa, inawasha hita yenyewe saa saba usiku, inaokoa shilingi sifuri, halafu tangi linakaa linapoa mpaka wageni warudi kutoka pwani jioni. Na hata hiyo saa saba ilipatikana baada ya mwenye nyumba kupiga simu, kwa sababu kikaratasi kiliandikwa 1:00 na mzee, kama Mswahili yeyote mwenye akili timamu, akasoma saa moja. Miezi miwili hita ilikuwa inawaka saa moja asubuhi na hakuna aliyeona tofauti. Bili ilikuwa ile ile!

Kichekesho kamili hiki hapa: nafuu ya nyumba ile iko mchana. Jua la bure, paneli zimejaa paa, inveta ya kilowati 5 inakaa saa sita mchana haina la kufanya. Na fundi, kwa kuheshimu picha, akaipa sola ile elementi fupi ya juu na akaipa tokeni elementi ndefu ya chini. Yaani kile cha bure kinapasha ndoo mbili tatu, cha kununua kinapasha tangi zima. Kugeuza tu waya kungetosha. Maji yetu yenyewe yanaingia tangini kama digrii 28, kuyafikisha 60 ni uniti nne na nusu hivi, elementi ya kilowati 3 inamaliza kwa saa moja na nusu, jua hata halijahisi.

Lakini pesa ni zake, achome. Mimi kilichonikaa rohoni ni nyutro. Ndani ya kofia fundi aliunganisha nyutro zote mbili kwenye waya mmoja, kuokoa mita chache za waya. Kazi safi kwa macho wallahi, waya zimelala kama nywele zilizosukwa. Hebu fikiria: unazima laini ya tokeni, unachomoa ule waya wa nyutro ukijua umekufa, na sola bado inasukuma kupitia elementi ya pili. Njia ya kurudi umeikata wewe, kwa hiyo ncha uliyoshika ndiyo inakuwa laivu. Nyutro! Waya tuliofundishwa sote hauumi. Nimewahi kusikia mafundi wakijibizana ati nyutro ni nyutro, zote zinaenda ardhini. Ndugu yangu, ya inveta na ya mita hazijuani hata kwa salamu.

Ukilazimika kuwa na laini mbili, weka swichi za kukata zote mbili ukuta mmoja, zionekane pamoja, na bandika kwenye kofia kwa Kiswahili kikubwa kwamba humu mna umeme wa sehemu mbili. Bora zaidi, elementi moja na swichi ya kugeuza ile inayoachia huku kabisa kabla haijashika kule, laivu pamoja na nyutro. Chumvi ya maji ya huku itaila elementi mapema tu na fundi mwingine atakuja kufungua kofia hiyo, labda mtoto wa mtu.

Kuna mtu ataniambia kosa ni letu, tungepima kila ncha. Sawa. Ni kweli, na kijana nimemgombeza njia nzima mpaka Shella ya hapa Malindi. Lakini fundi anayepima kwa sababu hamwamini fundi mwenzake, hiyo nayo ni fedheha yetu sote.

Nimeng'oa laini ya tokeni, nikaipa sola elementi ya chini, taima nimeiacha ukutani kama pambo. Mwenye nyumba kaandika WhatsApp anauliza kwa nini namdai pesa ya kutoa waya. Mzee yeye kanipigia leo saa tisa, analalamika shawa inamuunguza.