Pete Iliyonifanya Mke Mdogo

Ukiwa mwanamke wa miaka 41, hujaolewa, halafu siku moja ukaonekana na pete yenye jiwe, Arusha nzima itataka kujua amekuvisha nani. Ndiyo maana niliamua mapema kwamba yangu itakaa mkono wa kulia. Hakuna aliyenivisha. Nilikuwa nimemaliza mkopo wa SACCOS, miezi 36 ya kukatwa mshahara bila huruma, nikaona nijizawadie tanzanite.

Lilikuwa jiwe dogo tu, karati 2 kasoro, umbo la yai. Ukiligeuza hivi ni bluu, ukiligeuza vile ni zambarau. Aliyeniuzia alinieleza kwamba mengi hutoka ardhini kule Mererani yakiwa ya kahawia, hata hayatamaniki, mpaka yachomwe kwenye nyuzi 500 hivi ndipo yanageuka rangi. Nikazidi kulipenda. Mimi nimechomwa na maisha mara ngapi na bado ni yule yule.

Kazi ikawa pete yenyewe. Sonara niliyemwendea ni mtu mzima, lenzi ameibana jichoni muda wote. Hata mkiongea anakutazama kwa jicho lililobaki. Nilifika na picha nane kwenye simu, moja ina maua, nyingine ina vialmasi vimelizunguka jiwe kama taa za ukumbini. Akazipitia zote kimya, akanirudishia simu.

"Dada, jiwe hili lina maneno yake. Usilitafutie wasemaji. Jiwe moja, pete nyembamba, basi."

Hapo tulielewana. Tuligombana kwenye namna ya kulikalisha. Yeye alitaka kiti kifupi, jiwe lilale karibu na kidole na kuzungushiwa ukingo wa dhahabu. Mimi nikataka vikucha vinne virefu, jiwe lisimame juu, mwanga uingie kila upande.

"Mkono wa kulia ndio wa kazi," akasema. "Unakula nao, unasalimia nao, unainua nao sufuria. Almasi kwa ugumu ni 10. Hili ni 6 na ushee. Na lina upande wake, likigongwa vibaya linapasuka kama kuni kavu."

"Fundi, mimi ni mhasibu. Huu mkono unaandika tu."

Safari hii alinigeuzia jicho lenye lenzi. "Haya. Hela ni yako."

Pete ikatoka, nzuri, imesimama kidoleni kama mnara wa simu. Wiki ya kwanza nilijifunza kwamba chini ya jiwe, kati ya vikucha, pana nafasi ya kutosha tonge dogo la ugali. Nikawa natembea na vijiti vya meno kwenye mkoba, si kwa ajili ya meno. Sikumwambia mtu.

Kisha akafariki bosi wangu wa zamani. Ilikuwa Julai, na Arusha ya Julai mnaijua. Nilifanya kazi chini yake miaka 9, mzee mwema kweli, ila mkewe sikuwahi kumwona. Nikafika msibani. Makochi yametolewa, magodoro yametandikwa chini, kina mama wamejaa, na mjane yuko katikati amejifunika shali ya kufuma.

Nikainama, nikamkumbatia, mkono wa kulia mgongoni kwake. "Pole sana, mama."

Nikataka kuinuka. Mkono ukakataa.

Kwanza nilidhani amenishika. Nikavuta kidogo, shali ikaja. Nikapapasa kwa mkono wa kushoto: uzi umeingia chini ya kikucha, umezunguka, umejifunga kana kwamba una akili. Nyuma yangu foleni ya watoa pole. Ningefanya nini? Nikamkumbatia upya.

"Pole sana, mama."

Nikapapasa, nikageuza kidole, uzi ukazidi kukaza. "Pole sana, mama." Sijapiga magoti, sijasimama, nimekaa kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kitanda, mapaja yanatetemeka. Kufika pole ya nne mama mmoja nyuma yangu akaangua kilio. Pembeni wimbo ukaanzishwa. Na mimi machozi yakaanza kunitoka, ya kiuno.

Nikasikia minong'ono.

"Huyu ni nani?"

"Wa ofisini kwa marehemu."

"Mtu wa ofisini gani analia hivi?"

"Mtazame kidole. Ana pete."

"Mbona iko mkono wa kulia?"

"Ehee. Ndivyo wanavyowavisha hao."

Nikamwona shangazi wa marehemu anaamka godoroni, bibi mmoja mwenye kanga mbili na fimbo. Akaja hadi sikioni kwangu, ila sauti yake haikuwa ya sikioni.

"Shikamoo, shangazi," nikasema nikiwa nimeinama vile vile.

"Marahaba. Binti, hebu toka nje tuzungumze."

"Siwezi, shangazi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kuachia."

Wimbo ukakatika katikati ya ubeti.

"Mwanangu," bibi akasema polepole, "una watoto naye wangapi?"

Ndipo nikaweka aibu pembeni. Nikamnong'oneza mjane: "Mama, nisamehe. Mimi ni mhasibu tu. Pete yangu imenasa kwenye shali yako."

Kimya. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Akaficha uso shingoni kwangu, anatikisika, na chumba kizima kikaona mama sasa amezidiwa, vilio vikapanda maradufu. Mimi peke yangu niliyekuwa karibu ndiye niliyejua kwamba anacheka.

"Usivute," akaninong'oneza akipangusa macho. "Hii shali aliinunua yeye. Nilimwambia inanasa hata kwenye kitasa cha mlango, akakataa kata kata."

Akaamka, nami nikaamka naye, mkono wangu mgongoni kwake, tukavuka sebule taratibu kuelekea chumbani. Watu wakatupisha. Mke mkubwa na mke mdogo wanaenda kuyamaliza. Shangazi akatufuata na fimbo yake.

Chumbani mjane alitafuta mkasi wa kucha, akanigeuza kidole kwenye mwanga wa dirisha, akakata uzi mmoja tu. Shangazi akausogelea, akautazama.

"Kumbe uzi?" akasema. Nadhani alisikitika kidogo.

Niliporudi sebuleni nikiwa tayari kujieleza, hakuna aliyeniuliza kitu. Mama mmoja alinisogezea mto. Chakula kilipopakuliwa, sahani yangu ilikuja na ya wanafamilia, na nyama ilikuwa nyingi kuliko ya mwenyekiti wa mtaa. Nilikula kwa mkono wa kulia, pete nikiwa nimeifungia kwenye pochi.

Jumatatu nilikuwa kwa sonara. Nikaweka pete mezani nikisema, "Kiti kifupi," kabla hajaniuliza. Akaiinua, akasogeza lenzi. Kikucha kimoja kilikuwa kimefunguka, jiwe linacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Akachukua kibano, akavuta taratibu kutoka chini yake kipande cha uzi wa sufu, kahawia, urefu wa nusu kidole. Kikatoka na kipunje cha ugali kilichokauka.

Akavilaza vyote viwili kwenye karatasi nyeupe mbele yangu.

"Ulikuwa unaandika?" akauliza.