Robben Island mmeiandika, Kongwa mmeiruka

Ndugu mwandishi, asante kwa makala ya ziara yako katika lililokuwa gereza la kisiwa cha Robben Island, Afrika Kusini. Pale kwenye machimbo ya chokaa, ambako Mandela na wenzake walifanyishwa kazi hadi mng'aro wa mawe ukawaharibu macho, nilisoma kwa uchungu. Na Sobukwe, kiongozi mwingine wa wapinga ubaguzi wa rangi! Kifungo chake kiliisha 1963, bado serikali ya makaburu ikamtenga kwenye kijumba kisiwani humo miaka sita mingine.

Ila sisi wa Dodoma umeturuka. Baadhi ya wapiganaji wa SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, waliofungwa kisiwani humo walipitia kwanza hapa kwetu Kongwa, kwenye kambi ya wapigania uhuru ya miaka ya 1960, palepale Waingereza walipoacha mabaki ya mradi wao wa karanga. ANC ya Afrika Kusini na FRELIMO ya Msumbiji nao walikuwepo. Waliishi na wazee wetu, wengine wakazaa na dada zetu.

Kule Robben Island makumbusho yapo tangu 1997, na waliokuwa wafungwa wenyewe wamekuwa wakiwatembeza wageni. Wazee wa Kongwa waliowaona wapiganaji wale wanazidi kupungua. Wizara husika iwarekodi sasa, majengo ya makumbusho yatafuata.