Taji Dogo la Boehm

Ukipata sarafu ya fedha ya Uingereza ya mwaka 1887, usianze na uso wa Malkia Victoria. Anza na taji. Limekaa utosini kama kikombe cha kahawa, dogo mno, hata unatamani kulishika lisidondoke. Waingereza walilicheka. Aliyeichonga sura ile aliacha herufi zake kwenye ukingo wa bega: J.E.B., yaani Joseph Edgar Boehm.

Hakuwa fundi wa kubahatisha. Alizaliwa Vienna mwaka 1834, akalowea London, na milango ya kasri ikamfungukia hadi wenzake wakabaki kumeza mate. Alimchonga malkia, akamfundisha kazi binti wa malkia, Louise, akamchonga hata John Brown, mtumishi kipenzi, kwa ajili ya Balmoral, kasri la malkia huko Scotland. Mwaka 1881 akawa mchongaji rasmi wa malkia. Mwaka 1889 akapewa ubaroneti, cheo cha heshima cha kurithishwa.

Kwa maoni yangu, kupendwa huko ndiko kulikomponza. Taji lile lilikuwepo kweli: Victoria alitengenezewa mwaka 1870, akawa akilivaa juu ya ushungi wa ujane. Boehm alichonga alichokiona. Ila mtu hai ukimzunguka taji utaliona lote. Kwenye sarafu unaona ubavu tu, likageuka kifuniko. Mtu wa nje angethubutu kusema, "Mama, hili halitupendezi hapa." Mla cha kasri angeanzia wapi?

(Sarafu ya peni sita ya mwaka huo ilizua balaa lake. Upande wa pili ulifanana na sarafu ya dhahabu ya nusu pauni na thamani haikuandikwa, basi wajanja wakaipaka dhahabu na kuitumia kama shilingi 10. Hilo simbebeshi Boehm.)

Nenda Chelsea, London, kando ya mto Thames, umwone Carlyle wake wa shaba, yule mwandishi Thomas Carlyle. Mzee ameketi, joho limemmwagikia magotini, vitabu vimerundikwa chini ya kiti. Amechoka, na Boehm amemwacha achoke. Mkono huohuo uliochonga lile taji! Hapa hapakuwa na mkubwa wa kuridhishwa, nadhani, ndiyo maana shaba inapumua.

Alifariki ghafla Desemba 1890, karakanani mwake London, Louise akiwa karibu; umbea wa siku ile haujaisha. Malkia alitaka azikwe katika kanisa kuu la St Paul's, akazikwa huko. Sura ya taji dogo ilidumu kwenye sarafu mpya hadi mwaka 1893, ikawekwa nyingine, ya mchongaji mwingine.