Nani kasema mafundi wa saluni hawataki kusoma?

Mtu akiungua kichwa na dawa ya nywele, au macho yakimvimba kisa kope za kubandika, utasikia maneno yaleyale, mafundi wetu vishoka, hawataki kusoma, wapelekwe vyuo vya ufundi vya VETA wote na asiye na cheti afungiwe. Kwa haraka haraka ina mantiki. Ila mi naona wanaosema hivyo huwa wanakaa kwenye kile kiti wakiangalia kioo tu, fundi aliyesimama nyuma yao hawamuoni.

Chukua dada yeyote wa Sinza, Dar es Salaam, mwenye miaka kumi na kitu kwenye hii kazi. Alianza na ritachi na kuseti nywele kwenye draya, zikaja wiving akahamia, wateja wakakimbilia nywele za asili akajifunza upya, ikaja misuko ya notless akajifunza tena, saa hizi anashona mawigi na pembeni ana kimeza cha kucha za jeli. Semina hajapewa hata moja, yote kayatoa TikTok na kwa wenzake, bando lake mwenyewe, vichwa vya mazoezi ni vya wadogo zake. Wangapi maofisini wamebadilisha ujuzi mara zote hizo?

Chuo haendi kwa sababu wengi hawana mshahara, wanagawana na bosi kwa kila kichwa au wanakodi kiti, siku hujashika kichwa hujala. Na ada sio kidonda kikubwa, kidonda ni wateja, maana mteja akija wikiendi mbili asikukute anaenda kwa jirani na ndo imetoka hiyo. Bosi naye anaogopa kumsomesha, akiiva anafungua yake mtaa wa pili na namba za wateja zote anazo (na kweli wanaondoka nazo, tusidanganyane). Kuna ile tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, waajiri wanailipa kulingana na mishahara, lakini inaanzia kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10, sasa saluni gani ya uswahilini ina watu 10 wanaosaini mshahara?

Haya, wa upande wa pili nao wana hoja yao na sio ndogo. TikTok inakufundisha mtindo, kemia haikufundishi. Rilaksa, yaani dawa ya kunyoosha nywele, yenye sodiamu haidroksaidi inaunguza ngozi kabisa ukichelewa kuosha, na gundi ya kope ni ya ukoo mmoja na supaglu. Halafu kuna ule utafiti wa Marekani wa 2022, Sister Study, mi huwa unanisumbua. Walifuatilia wanawake 33,947 kwa karibu miaka 11. Kwa wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, makadirio ya kupata saratani ya mji wa mimba hadi kufika miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64, kwa waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka ikawa 4.05. Sio kwamba imethibitika dawa ndo iliyosababisha, na bado ni wachache wanaougua. Ila hao ni wateja, walikuwa wanapakwa na kuondoka. Dada anayeshika hiyo dawa kutwa, miaka nenda rudi, glovu zenyewe anavaa zikiwepo, yeye tunamhesabu wapi? Ulaya mwezi wa tisa 2025 wamepiga marufuku TPO, kemikali ya kwenye jeli za kucha, fundi wa Tegeta habari hiyo anaipata kwa nani?

Kwa hiyo pengo lipo, ila ni pengo la kemia na usafi, mambo ya siku chache, huhitaji kumrudisha mtu darasani kuanza na jinsi ya kushika kitana. Njia yenyewe VETA wanayo, ule urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, mtu anapimwa kwa kazi anayoijua, anafundishwa pale alipopungua, anapewa cheti. Mafundi magari na waashi wamepita humo. Hiyo ifuate saluni Jumanne asubuhi wakati viti viko vitupu, na mada ya kemikali iwe ya lazima kwa wote, bosi akiwemo.

Mkianza na kufungia kwanza, saluni za Masaki kwa wenye nazo zitatundika vyeti ukutani wiki hiyohiyo. Fundi wa Mbagala uswahilini atabeba dawa zake kwenye mkoba awafuate wateja majumbani, rilaksa ileile, maji ya kuoshea ya kwenye ndoo, na mkaguzi hatamuona tena.