Tiba ya fikra kwa mfiwa: inasaidia wapi, inakosea wapi

Mfiwa hakosi washauri. Jikaze. Muda utaponya. Mshukuru Mungu kwamba amepumzika. Miaka ya karibuni umeongezeka ushauri mwingine, wenye sura ya kitaalamu: nenda ukaonane na mwanasaikolojia akusaidie kubadili namna unavyofikiri. Kinachokusudiwa hapo ni tiba ya utambuzi, au tiba ya fikra, iliyoasisiwa na daktari wa akili Aaron Beck kule Philadelphia, Marekani, katika miaka ya 1960. Beck alikuwa akiwatibu watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayomkalia mtu, akagundua kwamba vichwani mwao hupita mawazo yanayojitokeza yenyewe: sifai, hakuna anayenijali, hali haitabadilika. Mtu akifundishwa kuyakamata mawazo hayo na kuyapima kwa ushahidi, hupata nafuu. Kwa sonona, tiba hii imethibitika vya kutosha. Ugumu unaanza pale inapohamishiwa kwa mtu aliyefiwa.

Wanaoitilia shaka wana hoja nzito, na haifai kuipita haraka. Mwenye sonona anayesema hakuna anayempenda huenda amekosea, na ushahidi ukikusanywa atauona mwenyewe. Lakini mama anayesema mwanawe hatarudi, amekosea nini? Utampimia ushahidi gani? Mwaka 1917 Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeasisi uchambuzi wa nafsi, aliandika kwamba majonzi, pamoja na kumbadilisha mtu sana, si ugonjwa wa kupelekwa kwa daktari, na kwamba kuyaingilia hakuna faida, pengine kuna madhara. Karibu karne nzima baadaye mabishano yalirudi pale pale. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013 uliondoa kanuni iliyokuwa ikiwazuia madaktari kumhesabu mtu aliyefiwa karibuni kuwa ana sonona. Allen Frances, daktari aliyeongoza uandishi wa toleo lililotangulia, alipinga waziwazi. Akaonya kwamba huzuni ya kawaida itageuzwa ugonjwa.

Mwaka 2022 mwongozo huo huo ukaingiza ugonjwa mpya, majonzi ya muda mrefu, kwa mtu mzima ambaye mwaka mmoja umepita na bado amezama. Shirika la Afya Duniani nalo linautambua ugonjwa huo, ila lenyewe linaanza kuhesabu baada ya miezi sita. Mfiwa ni yule yule, majonzi ni yale yale, na katika mwezi wa nane ni mgonjwa kwa kitabu kimoja na ni mzima kwa kingine. Mipaka hiyo imewekwa na watu mezani. Tuiheshimu kwa kiasi hicho tu.

Takwimu nazo ziko upande wa wenye shaka, angalau mwanzoni. Wafiwa wengi husimama tena bila tiba yoyote. Utafiti wa mwanasaikolojia George Bonanno kwa wajane na wagane umelionyesha hilo vizuri. Mwaka 2008 watafiti Currier, Neimeyer na Berman walikusanya tafiti 61 za huduma kwa wafiwa, wakakuta kwamba huduma inayotolewa kwa kila aliyefiwa, awe anaihitaji au haihitaji, ina manufaa madogo yasiyodumu. Ila walikuta jambo la pili: kwa wale waliokuwa tayari wanashindwa kuendelea na maisha, tiba ilisaidia. Makadirio ya mwaka 2017 yanasema kati ya watu kumi waliofiwa kwa vifo vya kawaida, mmoja hivi hukwama namna hiyo. Kwa hiyo tunamzungumzia huyo mmoja. Tisa waliobaki waachwe na ndugu na marafiki zao.

Huyo mmoja amekwamia wapi? Tuchukue mfano wa kutunga. Mume alianza kulalamika kifua saa nne usiku, akanywa dawa ya kiungulia, wakalala. Alfajiri mkewe alimkuta ameshafariki. Miaka miwili sasa mke anarudia sentensi moja: nilimuua kwa uzembe. Mwanasaikolojia anayeijua kazi hamwambii asijilaumu, maana hilo ameshaambiwa na kila mtu. Anamuuliza.

"Mama, saa nne ile usiku, wewe ulikuwa unajua nini?"

"Nilijua kifua kinamuuma."

"Kilishawahi kumuuma hivyo?"

"Mara nyingi. Akinywa dawa kinatulia."

"Na yeye mwenyewe alisemaje?"

"Alisema tulale."

Kisha wanachora duara kwenye karatasi na kuligawa: kipande cha moyo uliokuwa na ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, kipande cha dalili zinazofanana na kiungulia, kipande cha mume aliyekuwa na kawaida ya kukwepa hospitali. Cha mke kinachorwa mwisho. Hakifutwi, ila kinabaki chembamba. Anakitazama, halafu analia kuliko alivyolia kwa miezi mingi.

Mkosoaji ataona kilio kile akasema tiba imeshindwa. Mimi naona ndipo ilipoanza kazi. Kujilaumu kulikuwa kumempa kitu: kama kosa ni lake, basi kifo kile kilikuwa kinazuilika, na dunia bado ina mpangilio. Lawama ikipungua, hakuna pa kujificha tena. Anabaki na mume aliyekufa, ndiye anayemlilia sasa. Tiba ikifanywa vizuri haiyagusi majonzi yenyewe. Inaondoa kilichokaa mbele yake.

Ndiyo maana matokeo ya majaribio yanavutia zaidi kuliko jina la tiba linavyoahidi. Mwaka 2007 Paul Boelen na wenzake wa Uholanzi walilinganisha ushauri nasaha wa kawaida na tiba ya utambuzi na tabia, yaani kazi ya fikra pamoja na mazoezi ya matendo, huku wakibadilisha mpangilio: kundi moja likaanza na kukabili kumbukumbu walizokuwa wakizikwepa, lingine likaanza na kusahihisha mawazo. Makundi yote mawili yalipata nafuu kuliko ushauri nasaha, lakini kukabili kumbukumbu kulikuwa na nguvu kuliko kusahihisha mawazo. Mwaka 2014 Richard Bryant wa Australia alikuta vivyo hivyo: wafiwa waliopewa vipindi vya kusimulia kifo chenyewe walipona zaidi ya waliopata kazi ya fikra bila masimulizi hayo. Katherine Shear, huko Marekani, alitumia tiba ambamo mfiwa hufumba macho, husimulia saa zile za mwisho huku akirekodiwa, kisha huisikiliza rekodi nyumbani. Katika jaribio lake la mwaka 2005, asilimia 51 walipata nafuu, dhidi ya asilimia 28 waliopewa tiba nyingine ya mazungumzo. Baadaye, mwaka 2016, alijaribu kuongeza dawa ya sonona. Dalili za sonona zilipungua, majonzi hayakupata cha ziada. Hapo wanaosema huzuni ya msiba na sonona ni vitu viwili wamepata ushindi, na wameupata kutoka kwa watabibu wenyewe.

Zipo sehemu ambazo bado nasimama na wapinzani. Kwanza ni lawama ya kweli. Dereva aliyesinzia kwenye usukani na abiria wake akafa hana kosa la kufikiri, ana kosa. Ukimchorea duara ili kipande chake kipungue, unamdanganya, naye atajua. Huyo anahitaji kukiri, kuomba radhi, kulipa anachoweza kulipa, na mtaalamu mwenye akili atamwachia njia hiyo.

Pili ni uhusiano na marehemu. Wapo wanaozungumza naye usiku, wanaomtaka shauri, wanaoamini anawaona. Kwa muda mrefu wataalamu wa Magharibi waliona huko ni kukataa ukweli, hadi kitabu cha Klass, Silverman na Nickman cha mwaka 1996 kilipotetea kwamba vifungo hivyo vinaweza kuendelea bila madhara. Mtabibu wa fikra aliyefundishwa nusu nusu bado anaweza kuvikuta akavibandika jina la upotofu wa mawazo. Akifanya hivyo amemnyang'anya mfiwa kitu ambacho hakikuwa kikimzuia kula wala kufanya kazi.

Tena kuisimulia siku ya kifo kunaumiza, na wapo wanaoiacha tiba njiani. Kwa hiyo ndugu wanaomtafutia mtu wao msaada wamuulize mtaalamu swali moja kabla ya kumkabidhi: vipindi vya mwanzo utafanya naye nini? Akisema atataka kwanza kumjua marehemu alikuwa nani, na ilikuwaje siku ile, aendelee. Akianza na fomu ya kuorodhesha mawazo potofu, watafute mwingine.