Mama wa sokoni ana jina

Jamani wapiga picha wa Iringa, haya maelezo mnayobandika chini ya picha yananichosha. Juzi nimeingia kwenye maonyesho hapa mjini. Picha kali, nyeusi na nyeupe, zimechapishwa kubwa. Mama ameshika kikapu cha nyasi za milulu, unaona mpaka vumbi kwenye kucha zake. Nainama kusoma: "Mwanamke, soko la Iringa." Basi! Pembeni wasifu wa mpiga picha umejaa ukuta mzima, hadi aina ya kamera na lenzi. Yaani kamera ina jina, mama hana.

Mtaniambia hii ni sanaa, si kitambulisho cha NIDA. Sawa. Ila mwaka 1991 picha za mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako zilitundikwa New York bila jina lake, eti mpiga picha hajulikani, na mzee wa watu yuko hai kabisa kwao Mali. Ile tunaiita dharau. Hii yetu tuiiteje?

Wakati wa maswali nikauliza. Msanii akazunguka weee, mara mwanga wa asubuhi, mara ukungu wa nyanda za juu (mwanga ulikuwa mzuri kweli, simnyimi haki yake). Jina je? "Sikumuuliza." Na mlangoni kinauzwa kitabu cha picha hizohizo, mama yuko kwenye jalada! Kusema "Kamwene mama, unaitwa nani?" kunakula muda gani? Na nakala moja apelekewe. Yuko palepale sokoni, anauza vikapu.