Kabla ya Kusugua Chungulia, Ukishachungulia Tulia

Jumapili iliyopita nilipigiwa simu na bwana mdogo mmoja ambaye huwa tunakutana kwenye kulenga shabaha. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeleta habari za msiba. "Kaka, mtutu wangu umekufa." Nikamuuliza umekufaje, risasi zinakwenda wapi? Kimya. Kumbe hajapiga hata moja. Amenunua ile kamera nyembamba ya kuchungulia ndani ya mtutu, akaiunganisha na simu, akaona mambo. Kwa siku tatu mfululizo amekuwa akirudi kutoka kazini na kusugua hadi usiku wa manane: kwanza dawa, kisha brashi, mwisho ule uji wenye chembe za msasa. Na kila akichungulia, "uchafu" bado upo palepale.

Akanitumia picha. Nikacheka, halafu nikakasirika. Alichokuwa anakisugua hakikuwa uchafu. Kilikuwa ni mtutu wenyewe.

Tuanze na zile nyufa zilizomnyima usingizi. Mbele kidogo ya chemba, yaani kile chumba cha nyuma risasi inapokaa kabla ya kupigwa, pale kwenye koo la mtutu, ndipo penye adha yote. Kwenye bunduki ya .308 shinikizo linaruhusiwa kufika hadi bar 4,150, na gesi inayopita hapo ni ya moto kiasi kwamba ingekaa sekunde chache tu chuma kingeyeyuka. Ngozi ya chuma inapanuka, inasinyaa, inapanuka tena, mpaka inapasuka vipande vipande kama tope la bwawa lililokauka. Bunduki yoyote iliyofanya kazi ya maana itakuonyesha sura hiyo. Hakuna brashi itakayoziba ufa. Na ile mistari myembamba inayokatiza kwa upana yale matuta ya ndani yanayopishana na mifereji ya kuizungusha risasi ni alama za chombo kilichochimba tundu kule kiwandani. Ilikuwepo siku ulipoinunua, na bunduki ilikuwa ikipiga vizuri tu, ila ulikuwa hujaiona.

Kamera inakuza, ndugu zangu. Kitu chochote ukikikuza vya kutosha kitakutisha. Chukua kioo cha kukuzia utazame ngozi ya pua yako mwenyewe uone kama utatoka nyumbani leo.

Sasa mniruhusu niseme ambacho wengi hawataki kusikia: shaba si adui yako. Gamba la risasi za kawaida ni shaba iliyochanganywa na zinki kidogo, na kila risasi inapopita inaacha utando wake kwenye mifereji. Kamera inauonyesha ukimetameta kama dhahabu, na mtu anaona aibu kana kwamba amekutwa na vyombo vya juzi kwenye sinki. Lakini utando mwembamba huo unajaza vijitundu na kulainisha njia. Ukiung'oa wote mpaka chuma kikabaki uchi, risasi zako za kwanza zitatangatanga hadi utando urudi. Nimeliona hilo kwenye bunduki zangu zaidi ya mara moja: baada ya usafi wa kishujaa, matundu matano ya kwanza kwenye karatasi yanakuwa kama mate ya mlevi, kisha zile zinazofuata zinaanza kukusanyika. Halafu mwenyewe anasema bunduki inahitaji kusafishwa zaidi!

Hakimu wa mtutu ni karatasi ya shabaha. Matundu yakianza kusambaa bila sababu, upepo hauhusiki, darubini imekazwa, hapo ng'oa shaba. Yasiposambaa, iache.

Na hiyo dawa ya amonia mnayoiamini kwa sababu kitambaa kinatoka cha buluu. Ndiyo, amonia ikikutana na shaba inatoa buluu. Sasa kile kichwa cha fimbo kinachobeba kitambaa kimetengenezwa kwa nini? Na zile nyuzi za brashi? Bwana mdogo alikuwa na kichwa cha shaba ya njano kinachong'aa vizuri kabisa. Siku tatu amekuwa akiifukuza buluu ya kifaa chake mwenyewe! Nilimwambia atie tone la dawa kwenye hicho kichwa, akifunge kwa kitambaa kipya, asubiri dakika tano mezani bila hata kuigusa bunduki. Akanipigia tena. Kitambaa kimegeuka buluu kama anga. Hakusema kitu, nami sikusema kitu, maana kuna wakati mtu anastahili kuachwa na aibu yake. Tumia kichwa cha plastiki au kilichopakwa nikeli, na dawa kali ya amonia usiilaze ndani ya mtutu usiku kucha.

Lakini sikai upande wa wavivu. Wapo wanaojisifu kwamba bunduki ya kisasa haihitaji kusafishwa. Hao wakasome yaliyowapata askari wa Marekani waliokabidhiwa bunduki za M16 kule Vietnam miaka ya 1960. Walidokezewa kwamba silaha hiyo mpya inajitunza yenyewe, vifaa vya kusafishia vikawa haba, baruti ikabadilishwa, chemba ambazo hazikupakwa kromu zikashika kutu, na maganda yakawa yanakwama ndani katikati ya mapigano. Ripoti ya kamati ya bunge lao ya mwaka 1967 iliwaumbua wakubwa.

Kwa hiyo kusafisha, safisha. Ugomvi wangu ni kusafisha usichokijua. Na hapa nalazimika kuitetea kamera ileile niliyoitukana, maana imeshawahi kunivua nguo mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita bunduki yangu ilianza visa. Bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, ikawa nzito kuinua baada ya kupiga. Fataki, vile vifuniko vidogo vya kuwasha baruti kwenye kitako cha ganda, zikawa zinatoka bapa kama zimepondwa na nyundo. Hizo zote ni dalili za shinikizo kupanda, na mimi nikailaumu baruti, nikalaumu joto, nikalaumu hata maganda. Mtutu sikuushuku kabisa, kwa sababu vitambaa vyangu vilikuwa vinatoka vyeupe. Vyeupe pe! Nilikuwa ninavipanga mezani kwa majivuno. Miezi miwili nimebishana na kila mtu, mpaka rafiki yangu akaja na kamera yake, akaichomeka, akaniita nitazame kwenye simu. Pale ganda linapoishia na koo linapoanza palikuwa na pete nyeusi, nene, inayong'aa kama rangi iliyochomwa kwenye sufuria.

Hayo ni masizi. Lakini usidhani ni masizi ya kibatari unayoyafuta kwa kidole. Mabaki ya baruti yanarundikana hapo, joto na shinikizo la risasi inayofuata linayaoka, juu yake yanakuja mengine, nayo yanaokwa, hadi yanakuwa magumu kama kauri. Pete ikinenepa, mdomo wa ganda hauna nafasi ya kutanuka uiachie risasi, na shinikizo linapanda. Kitambaa cheupe hakiwezi kukuambia hayo, kwa sababu kinateleza juu ya pete bila kuikwaruza. Kinafuta kilicholegea tu. Kitambaa cheupe, mabwana, ni shahidi wa uongo, na nilimwamini kwa miezi miwili.

Hapo ndipo pa kutolea jasho. Dawa ya masizi si ile ya shaba, soma chupa. Unaloanisha koo, unaiacha dawa ifanye kazi robo saa au zaidi kama chupa inavyoelekeza, kisha unachukua brashi ya bronzi iliyo saizi moja zaidi ya mtutu, unaifikisha kooni tu na kuizungusha polepole kwa mkono kwa mwelekeo wa saa ili isifunguke kwenye fimbo. Unafuta. Unachungulia. Unarudia. Pete yangu ilinichukua jioni mbili. Nilipopiga tena, bolti iliinuka kwa kidole kimoja. Baruti niliyokuwa nimeitukana ilikuwa haina kosa lolote.

Kwa hiyo ndiyo, nakubali, kamera ina kazi. Chungulia kabla ya kusafisha ujue unatafuta nini, chungulia ukimaliza ujue umekipata. Piga picha koo la mtutu ukiwa mpya ili baadaye uwe na cha kulinganisha. Zaidi ya hapo ni ugonjwa.

Jambo la fimbo nitalisema kwa ufupi ingawa linanichoma. Mitutu mingi haifi kwa risasi, inafia mikononi mwa mwenye kusafisha. Fimbo ya vipande vilivyounganishwa inakwaruza kwenye kila kiungo. Fimbo isiyo na mpini unaozunguka inaiburuza brashi kukatiza mifereji badala ya kuifuata. Mtutu ambao mifereji yake inazunguka mara moja kwa kila inchi 10 unataka fimbo izunguke zaidi ya mara mbili kwenye inchi 24, na isipozunguka kuna kitu kinasagika. Tumia fimbo nzima isiyo na viungo, ingiza kutoka nyuma kupitia kiongozi cha plastiki kinachokaa kwenye nafasi ya bolti. Kitambaa kikishatokeza mdomoni kiondoe hapohapo, usikirudishe ndani na uchafu wake. Brashi usiigeuze katikati ya safari. Zipo bunduki zisizokubali kuingiliwa kwa nyuma, kama M1 Garand na nyingi za mkono wa kuvuta chini. Hizo linda mdomo wa mtutu kama mboni ya jicho, kwa sababu ukingo wa pale mwisho ukilika upande mmoja gesi inatoka upande mmoja na risasi inasukumwa kombo. Niliyemwona ameifunga brashi kwenye mashine ya kutobolea sitamtaja. Anasoma hapa.

Bunduki ya .22? Iache. Risasi yake ni ya plumbi (lead) laini yenye nta; futa chemba, pitisha kitambaa kikavu, kalale.

Sherehe za kuzoesha mtutu mpya, piga moja safisha, piga moja safisha: sina nguvu ya kubishana.

Ila lipo moja ambalo nililicheka ujanani na nikaja kuaibika. Mzee aliyenifundisha kushika bunduki alikuwa na birika la bati. Kila akirudi na zile risasi za akiba ya zamani za jeshi, kabla hata hajavua viatu, anachemsha maji na kuyamimina kwenye mtutu kwa faneli. Maji! Ndani ya chuma! Mimi nikiwa na chupa yangu ya mafuta ya kisasa nilimwona amechanganyikiwa. "Mafuta hayali chumvi, kijana," ndilo jibu lake pekee. Fataki nyingi za enzi hizo zina klorati ya potasiamu, na ikiungua inaacha chumvi inayovuta unyevu wa hewani. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, inayeyuka kwenye maji. Mtutu wake ulikuwa ukimeta kama kioo wakati wangu, nilioufunika kwa mafuta mazuri juu ya chumvi, ulikuwa umeota kutu ndani ya wiki moja. Maji ya moto, ukaushe sawasawa, kisha ndiyo mafuta, siku ileile. Hapo nilikuwa mjinga, na mzee hakunisimanga hata siku moja, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Na sasa sitanii. Kabla ya yote hayo: magazini nje, bolti nje, jicho ndani ya chemba, kidole ndani ya chemba. Risasi zote ziwe chumba kingine, siyo ukingoni mwa meza. Kila mwaka wapo watu wanaoumia kwa bunduki "tupu" zilizokuwa zinasafishwa nyumbani, na jicho lako la kamera litaingia kwenye mtutu uleule. Fungua madirisha, watoto wasiwepo, vitambaa vyenye dawa usiviache mezani, mikono uoshe kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chochote cha kula, kwa sababu masizi hayo yana plumbi, nayo ni sumu. Na kabla ya kupiga tena pitisha kitambaa kikavu kwenye mtutu na chemba, kisha hakikisha unaona mwanga mpaka mwisho. Kitambaa kilichosahaulika ndani kinaweza kuupasua mtutu usoni pako.

Bwana mdogo alikwenda kulenga Jumamosi. Alipiga ishirini bila kuchungulia, kwa kiapo. Tano za kwanza zilitawanyika kama nilivyomwambia, zilizofuata zikaanza kukaa pamoja, na tano za mwisho sarafu moja ingezifunika zote. Mtutu wake haujafa, ingawa ule uji wa msasa umeupunguzia maisha kiasi ambacho hatutakijua.

Kamera ameniletea mimi niitunze, asije akajaribiwa. Iko hapa kwenye droo. Jana usiku, nikiwa sina sababu yoyote, nimechungulia mtutu wangu mara mbili, na kuna kidoa kidogo karibu na koo ambacho sikipendi.